Shauri kwa Wafugaji: Pembe za Ndama

Mwenye kufuga ng'ombe wa maziwa katika zizi dogo ajua vema madhara ya pembe. Ng'ombe mkali huwafukuza wenziwe horini, humtoboa jirani yake kiwele, na pengine humjeruhi mtoto aletaye majani. Kwa sababu hiyo wafugaji wa ng'ombe wa gredi huwaondolea ndama wao pembe. Jambo hilo si baya. Lililo baya ni jinsi lifanywavyo na baadhi yetu: ng'ombe mzima huangushwa chini, akafungwa kamba, na pembe zikakatwa kwa msumeno pasipo dawa yo yote ya ganzi.

Wengi hudhani kwamba pembe ni kama ukucha, kitu kisicho na uhai. Sivyo. Ganda la nje ndilo lililo kama ukucha. Lakini ndani yake mna mfupa wenye damu na mishipa ya fahamu. Ndama azaliwapo, kichipukizi cha pembe kimo katika ngozi tu. Apatapo miezi miwili hivi, kichipukizi hicho huanza kushikamana na fuvu, na baadaye uwazi uliomo katika mfupa wa paji la uso huenea hata ndani ya pembe. Basi ng'ombe akatwaye pembe akiwa mkubwa huachiwa tundu liingialo kichwani: damu humtoka kwa wingi, nzi hulifuata jeraha, na usaha huweza kujaa. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni umri: kazi hii na ifanywe katika majuma ya kwanza ya ndama. Kanuni ya pili ni ganzi. Daktari wa mifugo, au msaidizi wake aliyesajiliwa, hudunga dawa ya lignokeini kando ya mfupa ulio kati ya jicho na pembe, kila upande. Husubiri dakika 5 hadi 10, kisha huichoma ngozi kidogo kwa ncha ya sindano. Ndama asiposhtuka, ndipo chuma cha moto hukizunguka kichipukizi kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, hata ionekane duara yenye rangi ya shaba. Kanuni ya tatu ni dawa ya kutuliza maumivu, kwani ganzi huisha baada ya saa moja au mbili, bali maumivu ya kuungua hudumu zaidi.

Wako watumiao dawa ya kuunguza badala ya chuma. Nayo huumiza, ikilowa mvua hutiririka machoni, na ndama akinyonya huweza kumwunguza mamaye kiwele.

Sheria nayo haikunyamaza. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humtia hatiani mtu amfanyiaye mnyama upasuaji pasipo uangalifu na huruma. Katika Uingereza, sheria ya ganzi ya mwaka 1954, pamoja na marekebisho yake, yakataza kuondoa pembe bila ganzi. Dawa ya kuunguza peke yake yaruhusiwa kwa ndama asiyepita juma moja.

Yuko atakayesema, "Ganzi ni gharama, na babu zetu hawakuitumia." Ni kweli, lakini babu zetu wengi hawakukata pembe, waliziacha zikue, hata wakazisifu katika nyimbo. Ama kuhusu gharama, majirani na wachague siku moja, wamwite daktari kwa ndama wao wote, nao watagawana nauli yake.

Tena iko njia isiyotaka kisu wala moto: kuchagua mbegu ya fahali asiye na pembe. Sifa hiyo ina nguvu katika urithi, na fahali aliyeirithi kwa baba na kwa mama huipitisha kwa karibu ndama wake wote. Mwulize mpandishaji wako kabla mtamba hajapandwa.

Ndama hawezi kwenda barazani kushtaki. Ikiwa twataka maziwa yake kesho, hatuna budi kumwondolea maumivu leo.