Aliyerudi Kutoka Seminari Hajashindwa

Ndugu msomaji, kabla hujageuza ukurasa ukidhani haya ni mahubiri, ngoja kidogo. Mimi si katekista wala si mwenyekiti wa kikundi chochote cha kanisa. Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu kama wengine, na kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, kila jioni narudi nyumbani na kusikia yote yanayosemwa mtaani. Wenzetu wa bweni husikia maneno ya mtaa wakati wa likizo tu. Sisi tunayala na chakula cha jioni.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa, alirudi kutoka seminari. Alikuwa amemaliza mwaka wa malezi ya kiroho na miaka miwili ya falsafa. Alishuka kwenye matatu jioni na begi lile lile aliloondoka nalo. Kufika kesho yake mtaa ulikuwa na habari tatu tayari: amefukuzwa, amempa msichana mimba, masomo yamemshinda. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenyewe. Sisi alituambia kwa ufupi tu, siku moja tukipura ndengu, kwamba alizungumza na mlezi wake kwa miezi mingi, wakaomba pamoja, akaona njia ile si yake. Alisema hana kinyongo na mtu. Siku hizi anachomelea vyuma, milango na madirisha, na Jumapili bado anaimba besi kwaya. Lakini hadi leo wako wanaomwita "Bradha" kwa kejeli, na mama mmoja wa jumuiya yetu alimwambia mama mkubwa usoni kwamba pesa za harambee zilipotea bure. Kana kwamba walinunua mbuzi akafa!

Mimi nasema hivi: kumcheka aliyerudi ni kosa kubwa kuliko tunavyofikiri, na kosa hilo ndilo linalowafunga midomo vijana Wakatoliki wanaohisi mwito hapa kwetu. Watu husema vijana wa leo wamepotoka, wanapenda simu na starehe, ndiyo maana hawaendi seminari wala utawani. Si kweli yote. Katika darasa letu nawajua watatu ambao wamewahi kulifikiria jambo hili, wavulana wawili na msichana mmoja. Hawaogopi kuacha starehe. Wanaogopa kurudi.

Najua kuna mtu atanijibu kwamba siku hizi ni vigumu kumwamini yeyote anayesema Mungu amemwita. Hapo nakubali. Mwaka 2023 sote tuliona katika televisheni yaliyotokea Shakahola, kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, watu waliofunga hadi kufa, watoto wakiwamo. Susu yangu alizima televisheni akasema hataki kusikia tena neno "ameitwa". Namwelewa. Mtu anaweza kujiita mwenyewe, akajipa cheo mwenyewe, asiwe na wa kumwuliza swali.

Lakini ndugu msomaji, tazama tofauti. Kijana Mkatoliki anayesema ameitwa haaminiwi hivi hivi. Baada ya mtihani wa kidato cha nne hupita miaka minane au tisa akisoma, akiangaliwa, akipelekwa parokiani kufanya kazi, akirudishwa darasani. Sheria ya Kanisa hairuhusu apewe upadre kabla hajatimiza miaka 25, na kabla ya hapo lazima awe shemasi kwa muda usiopungua miezi sita. Wasichana nao hivyo hivyo. Unovisi hauwezi kupungua miezi 12, kisha huweka nadhiri za muda kwa miaka mitatu au zaidi, ndipo waruhusiwe kuweka za daima. Miaka yote hiyo ni ya nini? Ni ya kuuliza. Kanisa linamwuliza yeye na yeye anajiuliza. Na swali la kweli lazima liweze kujibiwa ndiyo au la. Kama jibu la "la" ni aibu ya ukoo mzima, basi hilo si swali tena, ni mtego. Mtu ataogopa kuondoka, atabaki ndani kwa kuogopa mama wa jumuiya, na siku moja tutakuwa na padre asiyetaka kuwa padre. Kisha tutashangaa kwa nini ni mkali hivyo kwenye kitubio.

Tukizungumza juu ya mapadre wa kwetu, kila mtu Machakos hukimbilia jina la Askofu Mkuu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, na ana haki. Alizaliwa Mwala mwaka 1931, akapewa upadre mwaka 1961, na Jimbo la Machakos lilipoanzishwa mwaka 1969 yeye ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza. Baadaye alihamishiwa Nakuru, na huko ndiko Kenya nzima ilikomjua, hasa wakati wa mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992, alipowatetea waziwazi waliofukuzwa makwao wakati wakubwa wengi wamenyamaza. Alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi tangu 1997 hadi 2007, na alifariki tarehe 31 Machi 2020. Sisi hupenda kumsimulia kuanzia mwisho, kuanzia kwenye fimbo ya uaskofu. Mimi hupenda kumfikiria akiwa na miaka 16, kijana tu wa Mwala, fimbo hiyo haipo, na hakuna mwenye hakika kama atafika. Bila shaka walikuwako na wengine walioanza safari pamoja naye wakarudi shambani. Majina yao hatuyajui. Je, walimkosea Mungu?

Kisha kuna Kardinali Maurice Otunga. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu huko Bukusu na alitaka mwanawe amrithi. Mwana akakataa uchifu. Alipewa upadre Roma mwaka 1950, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Alipostaafu mwaka 1997 hakwenda kwenye jumba la kifahari, alikwenda kuishi katika nyumba ya wazee Nairobi inayohudumiwa na masista, akafariki mwaka 2003. Kwa wale wanaosema vijana wanafuata wali na gari, mfano huo unatosha.

Nilimsimulia rafiki yangu habari hiyo ya Otunga nikidhani nimeshinda hoja. Akanijibu, "Lakini baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto wengi. Jina lilibaki." We acha tu! Hapo alinipata.

Kwa sababu sisi Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na mimi ndiye mvulana peke yangu kwetu. Dada zangu wakizaa, majina ya kwanza yatatoka upande wa waume zao. Kwa hiyo mtu akiniambia mwito ni jambo kati yako na Mungu tu, naona hajakaa jikoni kwetu.

Mwezi uliopita parokia iligawa fomu za semina ya miito itakayofanyika likizo ya Desemba. Nilichukua moja, nikaificha ndani ya atlasi. Mwaitu akaiona akitafuta karatasi ya kuandikia hesabu za mboga zake za Marikiti. Hakunigombeza. Aliisoma yote, polepole, kisha akauliza, "Na baba yako ataitwa na nani?" Nikakosa la kusema. Nikakumbuka habari ya mzee Eli katika Biblia. Samweli alipomjia usiku mara tatu, hakumwambia kwamba ameitwa wala kwamba hakuitwa. Alimrudisha akalale na kumfundisha la kujibu. Nilitamani kumweleza mwaitu hivyo, kwamba siombi kuwa padre, naomba ruhusa ya kwenda kuuliza siku nne. Nilisema vibaya, nikachanganya maneno.

Akaniuliza tena, "Na ukirudi kama kaka yako?"

Nikamwambia, "Nitarudi hapa."

Aliikunja fomu akaitia kwenye mkebe anaowekea risiti. Bado haijatiwa sahihi. Kaka amesema atapita Jumapili baada ya misa, aje azungumze naye.