Dari za Mtae zikaguliwe kabla ya Desemba

Watoto waliozaliwa Mtae, wilayani Lushoto, miaka ya karibuni wanaijua tauni kwa kusimuliwa na bibi zao tu. Tunashukuru kwamba ni hivyo. Kinachotutia hofu ni kwamba ukimya huu umeanza kuchukuliwa kuwa ndiyo tiba yenyewe, wakati mahindi ya chakula katika nyumba nyingi za milima hii bado yanapandishwa darini, panya wanayafuata huko huko, na chini ya dari hiyo hiyo familia inalala.

Tuwakumbushe waliosahau. Tauni iliingia Lushoto mwaka 1980 na haikutoka kwa zaidi ya miaka 20. Watu zaidi ya 7,000 waliugua na takriban 600 walizikwa. Madala, Gologolo na Manolo, vijiji vitatu jirani vilivyo juu sana na mbali na njia kuu, ndivyo vilivyoumia kuliko vingine. Kumbukumbu za hospitali zilizotunzwa tangu 1986 zinaonyesha kwamba wagonjwa walikuwa wakiongezeka kati ya Desemba na Februari. Msimu mmoja ungeweza kupita bila mgonjwa hata mmoja, mwingine ukaleta 1,150. Tunaomba viongozi wetu wautafakari msimu ule wa sifuri. Bila shaka wapo waliodhani yamekwisha.

Kumbukumbu hizo zinasema pia nani aliyeumia zaidi. Walioambukizwa kwa wingi walikuwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19. Katika kata yenye vijiji hivyo vitatu, mwanamke wa miaka 30 hadi 34 alikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko mwanamume wa rika lake. Wanaume watu wazima ndio waliosalimika zaidi. Kila mwenyeji wa Usambara anajua ni nani anayepanda darini kuteremsha mahindi, nani anafagia nyumba, na nani anatandikiwa mkeka sakafuni usiku. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo inaelekeza kidole nyumbani, mahali chakula kinapohifadhiwa na mahali mtoto anapolala.

Namna ugonjwa unavyopita si fumbo. Bakteria wa tauni huishi katika panya na viroboto wao. Panya akifa na mzoga ukapoa, viroboto humhama na kutafuta damu nyingine, na ikiwa amefia darini, damu ya karibu ni ya aliyelala chini. Watafiti waliokusanya viroboto katika nyumba za vijiji vyetu waliripoti mwaka 2007 kwamba hata kiroboto wa binadamu, yule tunayemzoea kwenye matandiko na sakafu za vumbi, alikuwa mwingi zaidi katika vijiji vilivyosumbuliwa sana na tauni. Baada ya kung'atwa, siku 1 hadi 7 zinatosha: homa ya ghafla, baridi, kichwa, kisha mtoki wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Akiwahiwa kwa dawa za antibayotiki mgonjwa hupona. Akicheleweshwa, tauni ya mitoki huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100, na ikishuka mapafuni bila tiba haimwachi mtu.

Sasa tutazame ukaguzi wetu wa chakula unaishia wapi. Bwana afya akipita sokoni huangalia jiko la mama lishe, cheti cha kupimwa afya, bucha, choo na ndoo ya kunawia mikono. Ni kazi muhimu, na kipindupindu kilichoanza nchini Agosti 2015 kilitufundisha gharama ya kuipuuza. Mwaka 2019 usalama wa chakula ulihamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), ambalo macho yake yako zaidi kwenye bidhaa inayouzwa. Gunia la mahindi lililo juu ya kitanda cha mtoto haliuzwi, halina nembo, wala halina leseni, na kwa hiyo ni rahisi kila mmoja kuliona kuwa ni la mwenzake. Hapo ndipo penye pengo. Katika wilaya iliyozika watu wake kwa tauni, ukaguzi wa chakula usiofika darini haujakamilika.

Kuna watakaosema tunatisha watu bure. Waende Mbulu, ambako tauni ilirudi mwaka 2007 baada ya takriban miaka 30 ya kimya. Oran, nchini Algeria, ilirudi mwaka 2003, nusu karne tangu mgonjwa wa mwisho. Madagaska, mwaka 2017, ugonjwa ulishuka kutoka vijijini hadi mijini na kuua watu zaidi ya 200 katika miezi michache. Na huko Ituri, mashariki ya Kongo, haujawahi kuondoka. Kabichi, karoti na viazi vya Usambara hupanda malori kwenda Tanga na Dar es Salaam wiki hadi wiki, na wasafiri pamoja nayo. Mlipuko wa Mtae hautakuwa wa Mtae peke yake.

Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto ina nyenzo za kisheria. Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua, na vijiji vinaruhusiwa kujitungia sheria ndogo tangu 1982. Tunataka maafisa afya wa kata, pamoja na wahudumu wa afya wa vijiji, wapite nyumba kwa nyumba Mtae, Sunga, Rangwi, Shume na Mlalo kabla Desemba haijaingia. Wasiende na faini. Waende na dawa ya viroboto, na waende na fundi wa vihenge vya bati, kwa sababu mfuko wa plastiki, hata ule mzuri wa kuzuia dumuzi, panya huutoboa. Familia isiyomudu kihenge isaidiwe, kwani gharama yake ni ndogo kuliko kambi ya wagonjwa.

Na jambo moja lisikosewe, maana kukosewa kwake kunaua: viroboto wauawe kwanza, panya baadaye. Anayemwaga sumu ya panya katika nyumba yenye viroboto anawafukuza wadudu kutoka kwenye mizoga na kuwaleta kwenye miili ya wanawe. Mwananchi akiona panya wamekufa wenyewe asiwashike kwa mkono. Amwite mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, na serikali ya kijiji iandike taarifa hiyo kwenye daftari kama inavyoandika vifo vya watu. Daftari hilo likaguliwe na Mganga Mkuu wa Wilaya kila mwezi, na kilichoonekana kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ili wenye nyumba wakisome.