Funguo za Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba ya mfanyakazi mjini Mpanda, mkoani Katavi, kompyuta ikiwamo aghalabu ni moja, na watumiaji ni wengi. Mchana mama huandika humo hesabu za duka, jioni watoto husomea, na usiku baba huangalia mpira. Wote huingia kwa akaunti ile ile aliyoifungua fundi siku alipoweka Windows, nayo haina nywila.

Hatari imo hapo. Akaunti ya kwanza kufunguliwa hupewa madaraka ya msimamizi: yaweza kuweka programu na kuzifuta, kuzima kinga ya virusi, na kufungua faili za kila mtu. Mtoto akichomeka flashi aliyojaziwa filamu mitaani, akabofya chochote na kujibu "Ndiyo" bila kusoma, kirusi nacho hupata madaraka hayo hayo. Hesabu za mwaka mzima zaweza kupotea. Na wadeni, kama tunavyowajua, hawatakuja kujikumbusha wenyewe.

Tazama treni ya Kaliua hadi Mpanda. Tiketi humpa abiria kiti, haimpi ruhusa ya kuingia katika kichwa cha treni. Dereva naye, akisafiri kwa mambo yake, hukaa behewani na wenzake. Basi, fungua akaunti moja ya msimamizi yenye nywila ndefu, itumike tu pale panapohitajika kuweka programu au kubadili mipangilio ya kompyuta. Kisha kila mtu, nawe mwenye nyumba ukiwamo, awe na akaunti yake ya kawaida. Programu ikitaka kugusa mfumo, kompyuta itasimama na kudai nywila ya msimamizi. Kabla ya kuiandika, uliza programu hiyo imetoka wapi. Utaratibu huu uliletwa na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa madukani Januari 2007, na wengi waliuzima kwa kuuona kero. Wewe usiuzime.

Wapo akina baba waifanyao nywila kuwa fimbo ya ukuu. Huo si ulinzi. Baba akiwa safarini Tabora, na printa mpya ikadai programu yake, mtoto mwenye kazi ya shule afanyeje? Mama naye aijue. Tena, kwa kuwa hesabu za duka ni zake, mimi naona yeye ndiye astahiliye kuwa msimamizi. Iandikwe pia katika karatasi, ifungiwe pamoja na hati ya kiwanja.

Fundi akimaliza kazi, kagua orodha ya akaunti. Jina lake likiwamo kama msimamizi, liondolewe mbele yake, ukishahakikisha kwamba akaunti yenu ya msimamizi yafunguka.

Akaunti ya kawaida haizuii kila balaa, kwani kirusi chaweza bado kuharibu kazi za yule aliyekifungua. Kwa hiyo nakala ya hesabu za duka iwekwe kila juma katika flashi ya pekee, isiyochomekwa kwa shughuli nyingine wala kuazimwa na jirani.