Baridi, Umaskini na Jiko la Chumbani

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi kali katika nyanda zetu za juu kusini. Njombe, Makete na Mufindi joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Katika miezi hiyo sisi wauguzi tunawaona watoto wenye nimonia, watoto walioungua kwa moto, na watu waliozimia baada ya kulala na jiko la mkaa chumbani. Magonjwa ni mbalimbali, lakini mara nyingi chanzo ni kimoja: nyumba haina fedha ya kununua joto.

Wako wanaosema kuwa anayelala na jiko ni mjinga. Sisi hatukubaliani nao. Mama anaona mkaa umekwisha kuivisha ugali na bado unawaka. Watoto wanne wana blanketi moja. Kuuacha mkaa ule uzimike nje ni sawa na kutupa fedha, basi analiingiza jiko ndani. Huyu anabana matumizi, kama tunavyomhimiza kila siku. Ubaya ni kwamba kubana huku kunaua.

Hewa isiyoonekana

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hewa hiyo hushikamana na damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kuishiwa nguvu. Aliyelala huweza asiamke kabisa. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko lenye moto lisilale ndani.

Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni nje upesi na mpelekeni hospitali apewe oksijeni. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Hayaiondoi sumu hii, na aliyezimia huweza kupaliwa.

Moshi wa kuni nao una madhara yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Mtoto anayehema haraka, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au anayeshindwa kunyonya, aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mkaa ukipanda bei

Mwenye fedha hununua mkaa kwa gunia. Asiye nazo hununua kwa kopo, na akihesabu makopo ya mwezi mzima ataona amelipa zaidi kuliko mwenye gunia. Kwa hiyo maskini ndiye anayenunua moto kwa bei ya juu.

Mkaa ukipungua, mambo hubadilika jikoni. Maharage huachwa kwa kuwa yanachelewa kuiva, na watoto hula ugali na mboga za majani siku baada ya siku. Maji ya kunywa hayachemshwi, na kuhara huingia. Kuni mbichi na mifuko ya plastiki hutiwa motoni, na moshi unazidi kuwa mbaya. Hatimaye fedha iliyookolewa kwenye mkaa inalipwa hospitalini, tena na nyongeza.

Tufanye nini?

Yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva kwa moto mdogo. Chungu kikishachemka vizuri, kifunike na kukiweka ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu au vitambaa. Chakula kitaendelea kuiva bila moto. Anika kuni mpaka zikauke. Maji yasiyochemshwa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Kwa joto la usiku, watoto wavalishwe soksi na kofia, na nyufa za ukuta zizibwe katika nyumba isiyolala na moto. Kichanga abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mama na mtoto wafunikwe pamoja. Hakuna jiko linaloshinda joto hilo, na baba naye anaweza kumbeba.

Lakini ushauri peke yake hautoshi. Kumwambia mama asilale na jiko bila kumuuliza ana mablanketi mangapi ni kumwachia achague kati ya sumu na baridi. Tunaona kuwa blanketi lihesabiwe kuwa kinga, kama chandarua kinavyohesabiwa. Jumuiya ndogo ndogo zichangie mapema, mwezi wa Aprili au Mei, ili baridi isiwakute wajane, wazee na wazazi wa vichanga mikono mitupu. Familia tano zikichanga fedha zaweza kununua gunia moja na kugawana, kuliko kila moja kukimbilia kopo.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Hata hivyo mtungi wa gesi ukiisha hudai fedha nyingi kwa mara moja, na mwenye kipato cha kutwa hurudi kwenye mkaa. Vikundi vya kuweka na kukopa vingeweza kuwa na mfuko wa kujazia mitungi.

Nanyi akina baba, fedha ya moto isiwe siri ya jikoni. Mkae pamoja na mama, mhesabu mkaa, kuni na mablanketi kama mnavyohesabu mbolea na ada za shule. Haba na haba hujaza kibaba. Jioni ya leo, kabla ya kulala, hakikisheni jiko liko nje.