Kisiwa Kisichoiona Bahari Yake: Funzo la Bajeti ya Ulinzi ya Sri Lanka

Katika semina zangu za siasa za kimataifa nina mazoea ya kuwapa wanafunzi ramani ya nchi moja na kuwauliza: ungekuwa waziri wa fedha, fedha za ulinzi ungezipeleka wapi? Muhula huu niliwapa Sri Lanka. Karibu wote walizipeleka baharini. Nilipowaonyesha zilikokwenda kwa miaka mingi, mmoja wao akaniuliza: "Dokta, kisiwa hiki kinamwogopa nani nchi kavu?" Swali lile linastahili jibu refu kuliko nililolitoa darasani.

Tuanze na takwimu. Sri Lanka ina ukubwa wa kilomita za mraba 65,610, na ukanda wake wa kiuchumi wa bahari unafikia takriban kilomita za mraba 517,000, karibu mara nane ya nchi kavu. Haipakani kwa ardhi na nchi yoyote. Kusini mwake, karibu na rasi ya Dondra, hupita mojawapo ya njia kuu za meli duniani. Hata hivyo, serikali yake ilipotangaza Januari 2023 kwamba itapunguza jeshi la nchi kavu, idadi iliyoidhinishwa ilikuwa askari 200,783, katika nchi yenye watu wapatao milioni 22. Lengo likawa kushuka hadi 135,000 mwaka uliofuata, na 100,000 ifikapo 2030.

Uamuzi huo haukuzaliwa na fikra mpya za kiulinzi. Ulizaliwa na hazina tupu, kwani mwaka 2022 nchi hiyo ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Hapo ndipo penye hoja yangu. Kupunguza askari kwa sababu fedha zimekwisha ni jambo moja; kuamua ulinzi wa kisiwa uanzie wapi ni jambo jingine. Nchi inayopunguza bila kuamua hubaki na jeshi lile lile, dogo zaidi.

Tuwe waadilifu. Jeshi lile halikukua kwa upumbavu. Kuanzia 1983 hadi Mei 2009 nchi ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya Tamil Tigers, na vita hivyo vilihitaji askari wa miguu. Lakini hata huko, bahari iliamua mengi. Mwaka 2007 jeshi la majini, likitumia meli chache kuukuu, lilizifuata na kuzizamisha meli za waasi zilizokuwa maghala ya silaha yanayoelea, nyingine zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Njia ya silaha ilipokatika, waasi walidhoofika nchi kavu. Vita vilipokwisha, jeshi lililopiganwa navyo liliendelea kubeba sehemu kubwa ya bajeti, nyingi ikiwa mishahara na posho.

Je, hatari zilizofuata zilitoka wapi? Septemba 2020, meli ya mafuta New Diamond, iliyobeba takriban tani 270,000 za mafuta ghafi, ilishika moto mashariki mwa kisiwa. Mei 2021, X-Press Pearl iliungua mbele ya Colombo ikiwa na kemikali na chembechembe za plastiki. Chembe hizo zikafunika fukwe na wavuvi wakazuiwa kuvua. Mara zote mbili meli za India zilikuja kusaidia kuzima moto. Majahazi yanayobeba heroini kutoka pwani ya Makran, biashara ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu kwa uchungu, huelekea huko pia. Shambulio kubwa lililotokea nchi kavu, lile la Pasaka ya 2019 lililoua watu zaidi ya 260, halikutokea kwa uhaba wa askari. Maonyo ya kijasusi yalikuwa yamefika, hayakufanyiwa kazi.

Anayeumia zaidi ni mvuvi wa Kitamil wa kaskazini. Wakati wa vita alizuiwa kwenda baharini. Amani ilipokuja, akakuta mashua kubwa kutoka Tamil Nadu zikikokota nyavu kwenye sakafu ya bahari yake, uvuvi ambao sheria ya Sri Lanka imeupiga marufuku tangu 2017. Mvuvi huyo huona kambi za jeshi nchi kavu, nyingine zikiwa juu ya ardhi ya raia, na usiku husikia injini za wageni majini. Kwake yeye, dola ipo kwa wingi pale asipoihitaji.

Kuna gharama nyingine, ya uhuru wa nchi. Tarehe 15 Agosti 2022 India iliikabidhi Sri Lanka ndege ya doria ya baharini aina ya Dornier. Siku iliyofuata, meli ya China Yuan Wang 5, yenye mitambo ya kufuatilia setilaiti na makombora, ikatia nanga Hambantota, bandari iliyokodishwa kwa kampuni ya China mwaka 2017 kwa miaka 99. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nchi inayoitazama bahari yake kwa macho ya jirani itaelezwa yale ambayo jirani anataka ayaone.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Wa kwanza atasema askari ni ajira: familia nyingi za vijijini kusini zinaishi kwa mshahara wa kijana aliye jeshini. Ni kweli, na kwa hiyo upunguzaji uende kwa kustaafu na kutoajiri wapya, na sehemu ya fedha inayobaki ilipie mafunzo ya kazi. Wa pili atasema jeshi la majini nalo hujua kufuja, likinunua manowari za fahari zisizo na mafuta ya kwendea doria. Nakubaliana naye. Ninachokitetea ni rada za pwani, ndege za doria, meli za kati za ukanda wa kiuchumi, na vyombo vya kuzima moto na kukusanya mafuta yaliyomwagika. Wa tatu, ambaye namheshimu kuliko wote, atakumbusha kwamba maofisa wa jeshi hilo hilo walishtakiwa kwa utekaji wa watu 11 mwaka 2008 na 2009. Kwa hiyo fedha ziende pamoja na uwajibikaji mbele ya bunge na mahakama, na kazi ya polisi baharini ipewe kikosi cha ulinzi wa pwani.

Kwa mwanafunzi wangu, jibu ni hili: kisiwa hicho hakimwogopi mtu nchi kavu kwa kiwango cha fedha kinachotumia huko. Kinaendelea kulipia vita vilivyokwisha. Na ninyi mtakaoketi kesho kwenye meza za bajeti, kabla ya kukubali asilimia ya mwaka jana iongezwe kidogo, ulizeni hatari iliyoifanya iwekwe kama bado ipo, na ile iliyopo sasa imetengewa kiasi gani.