Kodi Iliyosamehewa na Chuo cha Nyumbani

Fedha haina ulimi, lakini kila inapoingia nyumbani husema. Humwambia aliyeipokea nani mkubwa wake, saa ngapi aamke na kitu gani afundishe. Kwa sababu hiyo mtu mwenye busara hapimi wingi wa fedha anayopewa kabla hajaupima mkono unaoitoa. Neno hili nalileta mbele ya wasomaji kwa ajili ya shauri moja linalosifiwa sana huko ng'ambo, nalo ni la kuwafadhili watoto wanaosoma kwa njia ya msamaha wa kodi. Mashauri ya elimu yana desturi ya kuvuka bahari. Ni heri tulipime hili kwa mizani ya Pemba kabla halijafika gatini Mkoani.

Shauri lenyewe ni hili. Mlipa kodi hutoa fedha kwa chama kilichopewa ruhusa. Chama huzigawa kwa watoto ili wasome mahali wazazi wao wapendapo. Kisha serikali humpunguzia mtoaji kodi yake, aghalabu kwa kiasi kile kile alichotoa. Jimbo la Arizona nchini Marekani lilianza mwaka 1997, na Florida na Pennsylvania zikafuata mwaka 2001. Tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria ya Marekani nzima, ambayo kwayo mtu aweza kusamehewa hadi dola 1,700 kwa mwaka kuanzia mwaka 2027, kila jimbo likiwa na hiari ya kuingia au kukaa nje. Tazama basi ukarimu huu ulivyo: mtoaji hutoa kwa mkono wa kulia na kurudishiwa kwa mkono wa kushoto, na sifa hubaki yake.

Watetezi wake husema kuwa fedha hiyo si ya serikali, maana haikupata kuingia katika hazina. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa mashtaka ya walipa kodi wa Arizona kwa hoja ya namna hiyo. Hoja hiyo yaweza kumfaa wakili. Haimfai mwenye nyumba. Maji yaliyozuiwa njiani kabla ya kufika mtungini yameupunguza mtungi sawasawa na yale yaliyochotwa ndani yake. Pengo lililoachwa na kodi iliyosamehewa hujazwa na mwingine, au haduma fulani hukatwa. Swali la haki ni moja: mwingine huyo ni nani?

Sasa na tuje Pemba. Tukitafuta huku nyumba zinazofundisha watoto wao wenyewe, hatutakuta zinazofanana na zile za Marekani, ambazo huacha skuli kabisa na kusoma hesabu na sayansi mezani kwa mama. Tutakuta chuo. Barazani au ukumbini mwa nyumba, juu ya mkeka wa ukindu, watoto wa jirani na wa ndugu huanza alifu na bee, hupanda juzuu kwa juzuu mpaka wakahitimu. Aghalabu mtoto yule yule huenda skuli nusu ya siku na chuoni nusu ya pili. Mwalimu hulipwa ada ndogo na wazazi, na pengine hulipwa samaki, muhogo au msaada wa shambani. Hii ndiyo elimu ya nyumbani ya Pemba, na ni kongwe kuliko kila skuli iliyojengwa kisiwani. Ni kwa ajili ya chuo hiki, na kwa ajili ya jamaa zinazotaka kukiongezea masomo mengine, kwamba shauri la msamaha wa kodi laweza kuonekana kama neema.

Mimi nasema si neema, na nina sababu tatu.

Ya kwanza: msamaha wa kodi humfaa mtu ambaye kodi yake imeandikwa kwa jina lake. Mfanyakazi wa mshahara anayo karatasi. Mfanyabiashara mkubwa anayo hesabu. Mkulima wa Konde na mvuvi wa Kojani anayekwenda dago hawana karatasi hiyo, wala haina maana kwamba hawalipi. Hulipa kodi iliyojificha katika bei ya sabuni na ya mafuta. Na mkulima alilipa zaidi kwa karafuu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoivunja mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya zao hilo. Wakati wa ukoloni karafuu ilitozwa ushuru. Na baada ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kuanzishwa mwaka 1968, karafuu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu kwa sheria, na kwa miaka mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa chini mno ya bei ya dunia. Tofauti ile haikuitwa kodi, lakini ilikuwa kodi, na magendo ya kwenda Kenya yalikuwa jibu lake, mpaka bei ilipopandishwa sana mwaka 2011. Nani basi atamsamehe mkulima kodi ambayo haikupata kuandikwa? Msamaha utamwendea mwenye karatasi, na pengo litajazwa na asiyekuwa nayo. Maskini atakuwa mfadhili wa ufadhili, na hatatajwa.

Ya pili: fedha ya hazina, pamoja na kasoro zake, hupita mbele ya Baraza la Wawakilishi, na mjumbe wa Micheweni ana haki ya kusimama na kuuliza imekwenda wapi. Fedha ya msamaha hupita katika chumba cha chama cha ufadhili. Chama huchagua mtoto gani apate na skuli gani ifae. Yule aliyezoea kuandika maombi ataandika. Yule ambaye chuo chake hakina jina, hakina muhuri wala daftari, atasubiri mlangoni.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: anayelipa hukagua. Serikali ya Zanzibar ilipofungua skuli yake ya kwanza mwaka 1905, na nyingine baadaye, wazazi wengi wa shamba waliwazuia watoto wao, kwa kuona kuwa skuli isiyosomesha Kurani na inayoandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu imekuja kuwatenga na dini yao. Watawala walipochoka kuona madarasa matupu, walimwingiza mwalimu wa Kurani ndani ya skuli na kumlipa. Watoto wakaongezeka, na faida ya jambo hilo haikanushiki. Lakini mwalimu aliyekuwa akijibu kwa wazazi akawa anajibu kwa mkaguzi, na somo lililokuwa na wakati wake likapimwa kwa kengele.

Florida imerudia funzo hilo katika zama zetu. Tangu mwaka 2023 ufadhili wa msamaha wa kodi umefunguliwa kwa watoto wasomeao nyumbani. Lakini mtoto anayeupokea haandikwi tena katika daftari la wilaya la elimu ya nyumbani. Huingia katika mpango mwingine, wenye mapatano ya kutia saini, mpango wa masomo na mtihani wa kila mwaka. Msaada ulikuja kwa jina la elimu ya nyumbani, na yule aliyeupokea akatoka katika jina hilo.

Naweza kuulizwa: je, wataka mwalimu wa chuo abaki na njaa, na mtoto asisome hesabu, ili usafi wa uhuru ulindwe? Swali hili ni la haki na lastahili jibu. Mtoto hana uhuru wowote katika ujinga. Wapo wanaoficha nyuma ya neno nyumbani kazi za utotoni na binti aliyezuiwa kusoma, na serikali ina wajibu wa kubisha hodi katika nyumba kama hizo. Lakini wajibu huo utokane na sheria moja iliyo sawa kwa tajiri na maskini, wala usiwe bei inayodaiwa kwa yule tu aliyelazimika kupokea. Ukaguzi wa sheria humlinda mtoto. Ukaguzi wa mfadhili huilinda fedha yake.

Tudai nini basi? Tudai ahadi ya elimu bila malipo, iliyotangazwa tarehe 23 Septemba 1964, itimizwe kwa skuli yenye mwalimu, kitabu na dawati, ili chuo kisilazimishwe kubeba mzigo wa skuli. Tudai mtoto aliyefunzwa nje ya skuli awe na njia nyepesi ya kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, asihukumiwe kwa mlango alioingilia. Tudai kwamba ikiwa taifa limeona vyema kumsaidia mwalimu wa chuo, limsaidie waziwazi, kwa fedha iliyojadiliwa barazani. Na zaidi ya yote, tudai mkulima alipwe thamani ya karafuu yake. Mzazi mwenye bei nzuri mkononi hahitaji mfadhili wa kumchagulia mwalimu. Humlipa mwenyewe, na akiona hafundishi, humwondoa mwenyewe.

Wanafunzi wa leo ndio watakaoandika sera za kesho. Likiwafikia shauri hili likiwa limevikwa vazi la hisani, wasianze kwa kuuliza ni watoto wangapi watafadhiliwa. Waulize kwanza kodi ya nani imesamehewa, nani ameijaza, na mwalimu wa chuo atajibu kwa nani siku ya pili yake. Majibu hayo yakikosekana, Pemba ina haki ya kusema hapana.