Amefaulu kipimo cha akili, lakini nyumbani bado hajawa sawa

Mwanao alianguka na bodaboda, akaumia kichwa, akalazwa, akaruhusiwa. Baada ya miezi miwili mnarudi kliniki. Anaulizwa tarehe, anakumbuka maneno matano, anachora saa ya ukutani, anatoa saba saba kuanzia 100. Anapata alama 27 kati ya 30. Mnaambiwa yuko vizuri, arudi kazini.

Wewe unayeishi naye unajua mengine. Anabandika maharage na kusahau jiko. Ukimtuma dukani vitu vitatu analeta kimoja, na chenji hajui iko wapi. Anafoka kwa jambo dogo. Ndugu wanasema ni uvivu, wengine (hawakosekani) wanasema amerogwa.

Kwa maoni yangu, uko sahihi, na kipimo nacho hakijadanganya. Chumba cha daktari ni kimya, swali linakuja moja moja, na anayeuliza ndiye anayeamua kinachofuata. Nyumbani lazima ajipangie mwenyewe. Kupanga, kuanza jambo na kujizuia hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huumia mara nyingi katika ajali za kichwa. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza, Tim Shallice na Paul Burgess, walieleza habari za wagonjwa watatu walioumia sehemu hiyo. Vipimo vingi vya mezani walivimudu. Walipopelekwa mtaa wa maduka na orodha ya vitu vya kununua na masharti machache, mambo yaliwavurugikia.

Kwa hiyo usibaki nje kwenye benchi. Ingia naye. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni tatizo. Atasema "sijambo, daktari", na haongopi. Wiki mbili kabla ya kliniki, andika kwenye daftari kinachotokea, siku gani, na umemkumbusha mara ngapi. "Amesahau jiko mara tatu wiki hii" humsaidia daktari kuliko "siku hizi hayuko sawa". Akiwa mwanafunzi, mwombe mwalimu wa darasa naye aandike.

Uliza pia kama hospitali ina mtaalamu anayeweza kumtazama akipika au akihesabu fedha. Na kama riziki yake ni bodaboda, uliza waziwazi: anaweza kuendesha barabarani, na abiria nyuma? Alama 27 peke yake haijibu swali hilo. Mpaka upate jibu, ufunguo wa pikipiki ukae kwako.